Waliopokewa Misima

Idrisa ndiye aliyenitambua. Nilikuwa sokoni Korogwe, nimeinama nachagua machungwa, nikasikia sauti nyuma yangu ikisema, "Dada Agnes, hata sokoni unatafuta vigae?" Nilipogeuka nilimwona mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe na kofia iliyofumwa kwa mkono, na ilinichukua muda kumtoa ndani ya uzee ule yule kijana mpima wa mradi wa maji niliyefanya naye kazi mwaka mzima, mimi nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni. Tulicheka, tukashikana mikono bila kuachiana, tukaingia kwenye mgahawa ulio karibu na stendi. Aliagiza chai ya rangi na vitumbua, akaniuliza habari za watoto, nami nikamuuliza za mkewe na za kustaafu. Kisha akasema, kama mtu anayetaja jambo ambalo wote tunalijua, kwamba tangu Bi Mwanaidi azikwe hajapita tena Misima. Nilishusha kikombe. Aliniangalia, akaelewa, akasema taratibu, "Nilidhani umeambiwa. Ni Ramadhani iliyopita." Sikumbuki tulizungumza nini baada ya hapo. Nakumbuka tu kwamba alinilipia, akanisindikiza hadi kwenye gari, na machungwa yangu nikayasahau pale mezani.

Sisi watu wa huku, ukifiwa, swali la kwanza unaloulizwa ni kama umezika. Usipozika unabaki na kitu mkononi ambacho hujui pa kukiweka. Bi Mwanaidi hakuwa mama yangu wala shangazi yangu, na katika ukoo wake hakuna jina la kuniita. Nilikaa kwake mwaka mmoja tu. Lakini usiku ule nilipofika nyumbani na kuketi jikoni bila kuwasha jiko, niligundua kwamba umri wangu sasa umepita ule aliokuwa nao yeye wakati ninakaa kwake, na kwamba miaka yote hii, kila nilipokwama, nilikuwa namwuliza yeye. Nilikuwa simwulizi kwa simu. Nilimwuliza kimoyomoyo, nikiwa nakoroga chungu au nasubiri kwenye foleni, na majibu yake yalikuja kwa Kiswahili chake kile kilichochanganyika na Kizigua, mafupi, yakiwa na kicheko kidogo mwishoni. Nilidhani mtu wa namna hiyo hafi bila wewe kuhisi. Sikuhisi kitu.

Kazi yetu ilikuwa ya kutangulia. Kulikuwa na mradi wa kupeleka maji kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, hadi vijiji vya Handeni ambako maji yalikuwa shida tangu watu wanakumbuka. Kabla ya mtaro kuchimbwa na matangi kujengwa, sheria iliagiza watu wa mambo ya kale wapite kwanza, waone kama ardhini hakuna makaburi, mahame au kazi za mikono ya watu wa zamani zitakazoharibiwa. Kiongozi wetu alikuwa Dokta Laurenti, mtu mpole aliyefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu, na mimi nilikuwa mdogo kuliko wote katika kundi. Idrisa alikuwa upande wa maji. Yeye alipita mbele na darubini yake ya kupimia, akipigilia vigingi vyekundu mahali bomba litakapopita, na sisi tulifuata nyuma tumejipanga mstari, macho chini, tukiokota vipande vya vyungu vilivyovunjika na kuviweka kwenye mifuko. Watu walituangalia wakitikisa vichwa. Wengi walikuwa na hakika kwamba tunatafuta dhahabu iliyofukiwa na Wajerumani, na kwamba vile vigae vilikuwa danganya toto tu. Mzee mmoja alinifuata asubuhi nzima kwa adabu, na tulipoketi kunywa maji akaniambia kwamba hana neno, ila tutakapoipata tukumbuke kuwa njia ya kwenda nayo inapita shambani kwake.

Kwa kuwa nilikuwa msichana peke yangu, mwenyekiti wa kijiji cha Misima hakutaka nilale kwenye mahema na wanaume, akanipeleka kwa Bi Mwanaidi, mjane aliyekuwa akiishi peke yake baada ya binti zake kuolewa. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa bati, na chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba za katani, dirisha la mbao lisilofika nusu ya mlango, na gunia la makopa ya muhogo lililosimama kona kama mgeni mwingine. Harufu ya makopa yale, ya uchachu na vumbi, wiki ya kwanza ilinikosesha usingizi. Leo nikipita sokoni nikaisikia, nasimama. Ukuta wa kati haukufika kwenye bati, hivyo maneno yalivuka kutoka chumba hadi chumba kama hakuna kizuizi, na nilijua alipoamka kuswali, alipokohoa, na alipozungumza na mbuzi wake uani akimlaumu kwa uchoyo. Nilipomwambia mara ya kwanza, "Shikamoo mama," aliitikia marahaba kisha akauliza kwetu wapi. Nikamwambia Mpale, kule mlimani. Alicheka sana. Akasema balaa gani hili, katika watu wote wa Tanzania analetewa Msambaa, watu waliozaliwa mtoni na kunawa kama bata. Wazigua na Wasambaa ni watani, nami nikamjibu kwamba ni kweli, tumekuja kuwaonea huruma. Tangu hapo jina langu likawa Msambaa, na siku akiniita Aginesi nilijua kuna jambo.

Niliwahi kuyasoma darasani maneno kama uhaba wa maji. Kwa Bi Mwanaidi niliyaelewa. Kiangazi kilipokaza, tulikwenda lamboni kabla ya jua, kwa njia iliyokuwa nyeupe kwa vumbi, na huko tulikuta wanawake wamekwisha kujipanga, ndoo mbele ya miguu. Ng'ombe wa Wamasai waliingia upande wa pili hadi magotini na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Foleni ile ndiyo iliyonifundisha kijiji. Hapo nilisikia nani kaposwa, nani kafukuzwa, na kwa nini mke wa mtu fulani hasalimiani na wifi yake. Nyumbani maji yaliwekwa mtungini yatulie, kisha yalianza safari ambayo mimi wa mlimani niliiona kama mazingaombwe: yaliyoosha mchele yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yaliloweka tambara la kupigia deki, na yaliyobaki, ambayo mimi nisingeyaita tena maji, yalimwagiwa mche wa mpapai kwa kikombe, kwa utulivu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Hakunikaripia hata siku moja. Aliniangalia tu, nami nikajifunza.

Jioni tulikula uani kwenye mkeka. Alipika bada, ugali mweusi wa muhogo unaong'aa, na mlenda au kisamvu cha nazi, na siku ambazo mwenye baiskeli alipita na samaki wakavu kutoka mtoni tulikula samaki. Tulikula sinia moja. Alikuwa na namna ya kusukuma kipande kizuri cha samaki upande wangu huku akizungumza jambo jingine kabisa, asinitazame, ili nisipate nafasi ya kukataa. Nimekula katika nyumba nyingi tangu wakati ule, na nimealikwa kwenye meza zenye vitambaa vyeupe, lakini nikiulizwa nilishiba wapi, jibu langu liko pale kwenye mkeka ule.

Habari za mumewe hakunisimulia yeye. Nilizisikia kupitia ukuta. Homa ilinishika, nikalala siku kadhaa, na Bi Mwanaidi aliniletea uji wenye ndimu, akinifunika na kunifunua kama mtoto. Mchana mmoja, aliponidhani nimesinzia, jirani yake Mama Rehema alikuja kuketi naye kutwanga muhogo, na kati ya mapigo ya mchi nilisikia jina la Athumani. Athumani alikuwa mume wa Bi Mwanaidi. Mwaka mmoja wa njaa, zamani, binti zao wakiwa wadogo, alikwenda Ngombezi kukata mkonge. Alirudi mara mbili. Mara ya tatu ilikuja habari tu, kupitia mtu aliyekuwa akipita, kwamba aliugua ghafla akafariki, na kwamba watu wa kambini walikuwa wamekwisha kumzika. Bi Mwanaidi alikaa eda. Eda ilipokwisha ikawa masika na njia zikafungwa, kisha watoto, kisha shamba, kisha ikaja aibu ya kuchelewa. Nilisikia mchi ukinyamaza. "Ningeliona hata tuta lake," alisema. Baada ya muda mchi ukaanza tena. Mimi nilikuwa nimelala nikitazama bati, na nilikuwa bado kijana kiasi cha kudhani kwamba kila jambo linalosikitisha lina dawa, na kwamba mtu akiijua shida basi ni wajibu wake kuiondoa.

Nilipopona tulifika kwenye kilima kidogo nyuma ya shule, ambako tangi la Misima lilikuwa lijengwe. Tulianza kuona mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yanayobaki baada ya watu kuyeyusha madini, na vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto hadi motoni. Dokta Laurenti alifurahi kama mtoto. Alituonyesha mahali tanuri lilipokaa na jinsi udongo ulivyoiva ukawa mwekundu, akasema wahunzi walifanya kazi hapa kabla ya babu wa babu ya mtu yeyote tunayeweza kumtaja. Tulichimba vishimo vya kujaribu, na katika kimoja, mwiko wangu wa kuchimbia uligusa kitu ambacho hakikuwa jiwe. Nilifanya kazi pale kwa brashi, nimelala kifudifudi, hadi mgongo ukafa ganzi. Alikuwa mtoto. Alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa, na kiunoni kulikuwa na mstari wa shanga ndogo zilizochongwa kutoka kwenye magamba ya konokono, bado ziko kwa mpangilio wake ingawa uzi ulikuwa umeoza zamani. Nyuma yake alilala mtu mzima, na mkono wa mtu mzima ulikuwa umepita juu ya mtoto. Tulipopanua shimo tuliwakuta na wengine. Nilikuwa nimefundishwa kuandika kina, mwelekeo, hali ya meno. Niliandika yote hayo. Kisha nikaenda nyuma ya mahema nikakaa peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimeona mama.

Kazi ilisimama. Idrisa, ambaye hakuwa mtu wa kupandisha sauti, siku ile alikuja chini ya turubai letu akiwa bado ameshika nyundo ya vigingi. Alimweleza Dokta kwamba kilima kile hakikuchaguliwa kwa uzuri wake. Ndicho pekee chenye mwinuko wa kutosha ili maji yateremke yenyewe hadi vitongoji vyote. Tangi likihamishiwa kilima cha pili, nusu ya Misima itaendelea kwenda lamboni. Na mkandarasi hatasubiri. Jibu lisipopatikana kabla ya mvua, mitambo itahamia kata nyingine na Misima itarukwa. Mimi nilikuwa pembeni nachekecha udongo, nikijifanya sisikii. "Dokta," alimaliza, "wafu wana subira. Wanaokwenda lamboni hawana." Dokta Laurenti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wana subira, kweli," akasema, "lakini hawana mdomo." Kisha akamweleza utaratibu. Ingewezekana kuwahamisha na kuwazika mahali pengine kwa heshima, na mamlaka ingetoa kibali, lakini kwanza kijiji kikubali, na wapatikane watu wa kuwapokea. Hakuwa tayari kuwatoa ardhini na kuwaweka kwenye maboksi stoo bila mtu wa kusema hawa ni wetu.

Mkutano wa kwanza wa kijiji ulifanyika uwanja wa shule. Mwenyekiti aliuliza hawa ni wa nani, na swali likazunguka likarudi mikononi mwake. Wazee walisema babu zao walikikuta kilima kitupu. Waislamu hawalazi maiti namna ile, magoti yamekunjwa, kwa hiyo si wao. Mmoja akatania kwamba labda ni Wasambaa, akanitazama, watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Chini ya maneno kulikuwa na hofu ambayo hakuna aliyeitaja waziwazi: ukimpokea maiti usiyemjua, umepokea na mzimu wake, na njaa yake, na madai yake yote ambayo hujui yalianzia wapi. Nani aingize jambo hilo katika ukoo wake? Wanawake walikaa nyuma na ndoo zao, kwa sababu mkutano ulikuwa kwenye njia ya kwenda lamboni, wakasikiliza, wakaondoka. Tuliachana bila jibu.

Wakati jambo hilo limening'inia, kundi letu lilitakiwa kumalizia upande wa mtoni, mahali maji yatakapochotwa, karibu na mashamba ya mkonge ya Ngombezi. Jioni moja nikiwa naosha mikono nilisema, kama habari tu, "Mama, wiki ijayo tunakwenda Ngombezi. Kwenye gari kuna nafasi mbele." Bi Mwanaidi aliendelea kukoroga. Sikujua kama amekasirika, maana nilikuwa nimemfunulia kwamba ukuta wake hauna siri. Hakuzungumzia jambo hilo usiku ule wala kesho yake. Lakini kesho kutwa niliporudi kazini nilikuta baibui lake limefuliwa, kwa maji kiasi gani sijui, na limeanikwa kwenye kamba.

Ngombezi tulifika mchana. Mitambo ya kiwandani ilikuwa ikinguruma, hewa ilikuwa na harufu kali ya majani ya mkonge yaliyosagwa, na katani nyeupe zilikuwa zimeanikwa kwenye nyaya, safu kwa safu, kama nywele za wazee. Kwenye kambi za wafanyakazi, nyumba ndefu zenye milango iliyofuatana, tulimpata Bibi Stefania, Muha aliyeletwa hapo akiwa bibi harusi na ambaye hakurudi tena kwao. Tulimwamkia. Alitupa vigoda, akatupikia chai, kisha Bi Mwanaidi akataja jina la mumewe, na mwaka wa njaa ile, na kwamba alikuwa mrefu, na kwamba alipenda kuimba. Bibi Stefania alifikiri kwa muda mrefu. Ningependa kuandika kwamba alikumbuka. Hakukumbuka. Alisema walikuja wengi, na mwaka ule waliugua wengi, na kwamba Waislamu walizikwa upande wa mashariki wa makaburi, akatupeleka.

Makaburi yalikuwa kati ya shamba la mkonge na korongo. Matuta mengi yalikuwa yameshuka yakalingana na ardhi. Juu ya mengine kulikuwa na sahani ya bati iliyotobolewa, au chupa, au mti wa mkonge uliochomekwa ukaoza. Mimi nilitembea nikiangalia chini, nikitumia yote niliyofundishwa, rangi ya udongo, namna majani yalivyoota, nikitafuta dalili ambayo ingenisaidia kusema ni hili. Hakukuwa na dalili. Bi Mwanaidi alivua ndala zake akasimama. Kisha akamuuliza Bibi Stefania swali moja tu.

"Walilia?"

"Hapa kambini," alisema Bibi Stefania, "hatukumzika mtu kimya kimya. Sanda tulichanga. Mbena, Muha, Mmakonde, ukifa wewe ni wetu. Wanaume walichimba, sisi tukalia. Kama hatukujua jina la mama yako, tulilia tu hivyo hivyo."

Bi Mwanaidi aliinua mikono akasoma Fatiha. Kwa kuwa hakujua tuta lipi, alitembea akiyasalimu yote, moja baada ya jingine, hadi mwisho wa safu. Mimi na Bibi Stefania tulimsubiri chini ya jua. Njiani tukirudi, tulipovuka daraja la mto, alitazama maji chini akasema kwamba ni mengi kweli. Tulipofika nyumbani, nilipika mimi.

Mkutano wa pili uliitishwa mvua zikiwa zimekaribia, na mitambo ya mkandarasi ilikuwa imeshaanza kupakiwa. Mwenyekiti alirudia swali lake kwa sauti ya mtu aliyechoka. Ndipo Bi Mwanaidi aliposimama nyuma, kati ya wanawake. Hakuwa mtu wa kuzungumza mikutanoni, na watu waligeuka. Nimejaribu mara nyingi kuyakumbuka maneno yake kama alivyoyasema, na haya ndiyo niliyobaki nayo.

"Mume wangu yuko Ngombezi. Alizikwa na Waha na Wabena wasiojua ukoo wake. Walimpokea, wakamlilia, na mimi sikuwapo hata kusema asanteni. Sasa hawa wako hapa na hawana mtu. Nitawapokea mimi. Walazwe shambani kwangu, kwenye ukingo wa muhogo. Kama wana madai, waje kwangu."

Mzee mmoja alianza kusema mambo ya ukoo, na Mama Rehema, akiwa bado ameketi, akasema kwamba basi na yeye yumo. Mwanamke mwingine akasema na mimi. Imamu aliombwa aseme neno. Alifikiri, kisha akasema kwamba swala ya jeneza hawezi kuwaswalia, kwa kuwa hajui walimwabudu nani, lakini kumsitiri mwanadamu kwa udongo hakuna dini inayokataza, na yeye mwenyewe atakuja na jembe lake. Hapo mwenyekiti akafunga mkutano haraka, kama mtu anayeogopa bahati yake isigeuke.

Tuliwahamisha kibali kilipotoka. Mtoto nilimbeba mimi, pamoja na yule mtu mzima, katika sanduku moja, kwa sababu Dokta Laurenti alikubali kwamba waliolala pamoja muda wote ule wasitenganishwe. Idrisa aliacha vigingi vyake siku ile akaja kuchimba na imamu. Shanga zile Dokta alitaka zibaki kwa ajili ya makumbusho, akasitasita, kisha akazirudisha mwenyewe mahali pake kabla udongo haujawekwa. Mazishi yalikuwa ya kimya hadi Bi Mwanaidi alipoanza kulia. Alilia kwa sauti, kwa ile namna ya kina mama wa Kizigua ya kumwimbia marehemu, na kwa kuwa hakuwa na jina la kutaja, alimwita mwanangu, akamwita ndugu yangu, na mahali fulani katikati nilisikia anamwita Athumani. Wanawake wakampokea. Nami nililia, Msambaa katika kundi la Wazigua, kwa ajili ya watu ambao huenda hawakuwa Wazigua wala Wasambaa. Baadaye tulirudi uani kwake kula matanga. Kila mmoja alikuja na alichonacho: bada, maharage, kikombe cha chumvi, na wengi walikuja na maji, nusu ndoo nusu ndoo, wakamimina katika mtungi wake.

Kwa muda mrefu nilidhani somo la mwaka ule lilikuwa juu ya wafu. Nimefanya kazi ya mambo ya kale maisha yangu yote, nimefukua watu wengi na kuwafukia, na daima nimeuliza kwanza nani atawapokea, hata wenzangu wakaniona msumbufu. Sasa ninapokumbuka, ninachokitamani si kilima wala matokeo ya kazi. Natamani jioni za kawaida ambazo hazikuwa na tukio lolote, sinia kwenye mkeka, mbuzi akilalamika, na mtu aliyekuwa akisikia nikigeuka kitandani upande wa pili wa ukuta akauliza, "Hujalala, Msambaa?" Nilikuwa naishi kama mtu anayepita. Nilihesabu kwamba maisha yangu yako mbele, mjini, na kwamba nyumba kama ile zitakuwa nyingi. Siku ya kuondoka alinifungia makopa kwenye kitambaa, ingawa alijua nilivyokuwa nayachukia mwanzoni, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema niende salama. Tulionana tena mara chache, kila mara kwa haraka, mimi nikiwa na gari linasubiri nje. Wiki hii nimemwambia Idrisa anipeleke Misima. Amesema tumpitie Mama Rehema, ambaye bado yuko hai, na kwamba Bi Mwanaidi amelazwa pale pale ukingoni mwa muhogo, kwa kuwa aliacha wosia hivyo.

Maji yalipofika Misima mimi nilikuwa kazini kusini, mbali. Simu yangu ililia mchana, namba nisiyoijua, na nilipopokea nilisikia kelele za watu wengi, vigelegele, ngoma mahali fulani, kisha sauti yake karibu sana, kwa maana alikuwa ameazima simu ya Mama Rehema na hakuamini kwamba inasikia bila kupiga kelele. Sikupata nafasi ya kumwamkia. Aliniambia ninyamaze nisikilize. Alisogeza simu, na nikasikia maji yakianguka ndani ya ndoo ya bati tupu, kwanza kwa kishindo, kisha yakizidi kutulia kadiri ndoo ilivyojaa, kisha ile sauti nyingine, ya maji yanayofurika juu ya ukingo na kuanguka chini. Nilisubiri ayafunge. Hakuyafunga. Nikasema, "Mama, ndoo imejaa, yanamwagika."

"Nayaona," alisema. "Yaache kidogo."